Paka Naye Ana Daktari

Nawasalimu ndugu zangu wa Dabaga, ambao saa hizi baridi imeshawasogeza motoni. Nawasalimu wa Ilula mnaomalizia kupanga nyanya kwenye matenga. Nawasalimu na wale wa kule chini, mkishateremka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na joto.

Leo tuzungumze habari za paka. Naam, paka. Nalijua swali litakalokuja: ng'ombe wana ndigana, kuku wana mdondo, nguruwe wana homa yao inayomaliza zizi zima, sasa paka ameingiaje redioni? Naomba mnivumilie. Upo ugonjwa mmoja wa paka ambao kwa zaidi ya nusu karne haukuwa na dawa. Paka akiupata, mwenye paka alihesabu siku tu. Leo dawa ipo. Na habari ya dawa hiyo imepita karibu na kwetu kuliko mnavyodhani, kwa sababu dawa iliyo ndugu yake ilijaribiwa kwa watu kule Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaosema Kiswahili kama mimi na wewe. Nitaifikia habari hiyo.

Kwanza tumtazame paka mwenyewe. Hapa Kilolo, mkoani Iringa, paka ana kazi. Umevuna mahindi, umeyapukuchua, umeyaweka kwenye magunia au kwenye kihenge. Nani analinda usiku? Panya hali akashiba akaondoka. Anatoboa gunia, anamwaga, anakojolea kinachobaki, na mwezi wa pili ukifika unakuta mbegu uliyoitenga imeliwa kiini. Nyumba yenye paka na nyumba isiyo na paka hazivuni sawa, hata kama mashamba yao yamepakana. Mama mwenye nyumba analijua jambo hili vizuri, ndiyo maana paka akipotea siku mbili anaulizwa kwa majirani.

Sasa nikuulize, msikilizaji. Ng'ombe wako akikohoa, unamwita afisa mifugo. Kuku wakisinzia, unakwenda duka la pembejeo kuuliza dawa. Paka wako akiugua, unampeleka wapi?

Wengi wetu hatumpeleki popote. Anajikunja chini ya kitanda au nyuma ya mafiga, anakonda, na siku moja anatupwa kichakani. Na hapo maneno huanza. Kalishwa sumu. Fulani hampendi paka wetu. Majirani waliokuwa wanaazimana chumvi wanaacha kusalimiana kwa sababu ya paka aliyekufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

Basi niwaeleze ugonjwa wenyewe. Madaktari wa mifugo duniani wanauita kwa herufi tatu, FIP. Ni ugonjwa wa kirusi unaoleta uvimbe katika utando unaozunguka matumbo, na wakati mwingine katika mapafu, macho na ubongo. Madaktari wa hospitali moja ya wanyama mjini Boston, Marekani, waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Humpata zaidi paka kijana, aliye chini ya miaka miwili. Utamwona ana homa isiyosikia sindano za kawaida. Hali vizuri. Mgongo unatoa mifupa huku tumbo linajaa, na watoto nyumbani wanasema paka ana mimba, kumbe ni dume. Tumbo hilo limejaa maji ya manjano, mazito, yanayonata. Wengine maji hujaa kifuani, wakahema kwa shida. Wapo wasiojaa maji kabisa: hao hukonda polepole, jicho likabadilika rangi, miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, na hata kifafa kikawajia.

Kirusi chenyewe ni cha ukoo wa korona. Hapa naomba usikilize kwa makini, maana neno hilo lilitutia hofu sote. Korona ya paka si UVIKO-19. Korona ya paka haimpati mtu. Narudia kwa ajili ya aliyekuwa anaongeza kuni: korona ya paka haimpati mtu. Usimwue paka wako kwa kuogopa kwamba atawaambukiza watoto.

Na katika kirusi hiki lipo jambo lililowasumbua watafiti miaka mingi. Paka wengi sana duniani wanacho tumboni, wanakipata kwenye kinyesi cha paka wenzao, na hakiwafanyi lolote zaidi ya kuharisha siku chache. Wanaishi nacho. Lakini ndani ya mwili wa paka wachache, kirusi hicho hubadilika. Kilikuwa kinaishi kwenye utumbo. Kikibadilika, kinajifunza kuingia kwenye seli nyeupe za damu, zile zile zinazotakiwa kuulinda mwili, na kwa kupanda humo kinasafiri kila mahali. Ndiyo maana paka wawili wa mama mmoja, waliolala kapu moja, mmoja anakufa na mwingine anaishi mpaka uzeeni. Jirani hakumpa sumu. Kirusi kimegeuka ndani ya mmoja, ndani ya mwingine hakikugeuka.

Huko Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha California cha Davis, alikuwepo daktari wa wanyama aitwaye Niels Pedersen. Aliukuta ugonjwa huu akiwa bado mwanafunzi miaka ya 1960, na hakuuacha. Fikiria mtu anaukabili ugonjwa mmoja wa paka zaidi ya miaka 50. Chanjo zilijaribiwa, hazikufaa. Dawa za kutuliza uvimbe zilijaribiwa, zilimpa paka nafuu ya siku chache tu. Wenzake wangapi walimwambia achague kazi yenye faida zaidi, sijui. Alibaki na paka wake.

Mlango ulifunguka alipopata dawa kutoka kampuni ya Gilead ya Marekani. Dawa hiyo inajulikana kwa namba yake ya maabara, GS-441524. Mimi nitaiita GS tu. Inafanyaje kazi? Nitatumia mfano wa akina mama zetu wanaosuka vikapu vya milulu. Kirusi kikiingia kwenye seli, kazi yake ni kujisuka upya, nakala juu ya nakala, unyasi baada ya unyasi. Dawa ya GS inafanana na unyasi ule kwa sura. Kirusi kinauokota, kinauingiza kwenye msuko, na kumbe ni unyasi mbovu: msuko unakwama hapo, hauendelei. Nakala haikamiliki. Kirusi kikishindwa kujizidisha, mwili wa paka unapata nafasi ya kupona.

Mwaka 2019 Pedersen na wenzake walitangaza matokeo. Walikuwa na paka 31 walioupata ugonjwa wenyewe majumbani mwao, bila kuambukizwa kwenye maabara. Watano walikuwa wameharibika mno, wakafa au wakalazwa usingizi wa mwisho mapema. Waliobaki 26 walichomwa sindano kila siku kwa wiki 12 au zaidi. Baadhi ugonjwa uliwarudia, wakatibiwa tena. Mpaka taarifa ile inaandikwa, 25 walikuwa wameushinda ugonjwa huo. Msikilizaji, tunazungumza habari za ugonjwa ambao kabla ya hapo ilikuwa nadra sana mgonjwa kupona!

Sasa tuje Kongo.

Wakati paka wale wanapona California, mashariki mwa Kongo watu walikuwa wanakufa kwa Ebola. Mlipuko ulitangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukaenea Ituri, na haukwisha mpaka Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katikati ya mapigano na hofu, Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya utafiti ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa Marekani na mashirika ya tiba, walifanya jambo ambalo wengi waliona haliwezekani: jaribio la kisayansi la dawa nne, ndani ya vituo vya wagonjwa wa Ebola. Jaribio hilo walilipa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Mojawapo ya dawa nne ilikuwa remdesivir. Na remdesivir ikiingia mwilini, mwili unaigeuza kuwa nini? Sehemu yake kubwa inageuka kuwa GS, dawa ile ile ya paka. Hizi ni dawa za nyumba moja.

Agosti 2019 majibu yalitoka. Remdesivir haikufua dafu mbele ya Ebola. Zaidi kidogo ya nusu ya waliopewa walifariki. Dawa mbili nyingine, zilizotengenezwa kwa kingamwili, zilifanya vizuri zaidi, na moja ya hizo ilianzia kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Hizo ndizo zilizoendelea kutumika. Ulipoingia mwaka 2020 na UVIKO-19 ikatapakaa duniani, remdesivir ikatolewa kabatini tena, na safari hii madaktari walikuwa wanajua usalama wake kwa binadamu, kwa sehemu kutokana na wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliokubali kuchomwa dawa ambayo hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba itawaponya. Watu hao wanastahili heshima kubwa kuliko tunayowapa. Nalisema hili kwa uzito.

Kwa hiyo mtu akikuuliza utafiti wa ugonjwa wa paka una faida gani kwa binadamu, mwambie hivi: dawa za nyumba moja zilipita kwa mtu wa Beni na kwa paka wa California katika miaka ile ile, zikashindwa huku, zikashinda kule.

Ila kuna sehemu ya habari hii inayoniuma. Dawa ilipothibitika kwa paka, kampuni haikutoa ruhusa itengenezwe kwa ajili ya wanyama. Sababu iliyoelezwa ni hofu: kama tatizo lingeonekana kwa paka, lingechelewesha kibali cha remdesivir kwa watu. Naielewa hofu hiyo, lakini tazama ilizaa nini. Wenye paka Ulaya na Marekani waliingia mtandaoni wakanunua vichupa visivyo na maelezo ya kueleweka, vilivyotengenezwa China, vikiuzwa kwa bei ya kuumiza. Walijifunza kuchoma sindano wenyewe, kila siku, siku 84. Sindano yenyewe ina uchungu na hutoa vidonda mgongoni. Madaktari wao walijua, na kisheria hawakuweza kuandika dawa hiyo. Dawa inayojulikana kuponya, daktari anayejua kuitumia, na mgonjwa aliye mezani, wote watatu wametenganishwa na karatasi. Mimi naona lilikuwa kosa.

Mambo yalianza kulegea baadaye. Kuanzia mwaka 2021 madaktari wa wanyama wa Uingereza waliweza kuipata kihalali. Marekani ililegeza mwaka 2024. Siku hizi kuna vidonge vya kumeza, na watafiti wa Ujerumani wameonyesha kwamba kwa paka waliojaa maji, siku 42 zinaweza kutosha badala ya 84. Na katika kisiwa cha Saiprasi, mwaka 2023, kilizuka kirusi kipya, mchanganyiko wa korona ya paka na ya mbwa, kikawa kinaruka kutoka paka hadi paka na kuua wengi. Serikali ya huko ilifanya uamuzi ninaousifu: ilifungua ghala lake la dawa za UVIKO-19 zilizobaki, molnupiravir, ikawapa madaktari wa wanyama wazitumie kwa paka.

Na usidhani hili ni jambo la paka wa nyumbani tu. Duma ni wa ukoo huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika hifadhi moja ya Oregon, Marekani, korona ya paka iliingia kwa duma ikaua zaidi ya nusu yao. Duma wamekaribiana mno kwa damu, kinachomshinda mmoja kinawashinda wengi. Nasi duma tunao, hapo Hifadhi ya Ruaha tu, saa chache kutoka Iringa mjini. Kule Serengeti, mwaka 1994, kirusi kingine, kile cha homa ya mbwa, kiliua simba karibu theluthi moja, na mbwa wa vijijini ndio waliodhaniwa kukileta. Paka na mbwa wanaozurura pembezoni mwa hifadhi ni sehemu ya afya ya hifadhi.

Sasa turudi nyumbani. Utaniuliza: haya yote yananihusu nini mimi wa Kilolo? Nitaipata wapi dawa ya GS? Nitamchoma paka sindano siku 84 wakati mtoto wangu anadai sare ya shule?

Ni swali la haki, na silikwepi. Dawa hii ni ghali, na simwambii mtu auze debe la mahindi akainunue. Lakini kati ya kununua dawa ghali na kumtupa paka kichakani kuna mambo mengi tunayoweza kufanya, na mengine hayagharimu karibu chochote.

La kwanza ni kujua paka anaumwa nini. Tumbo lililojaa linaweza kuwa minyoo, na minyoo ina dawa rahisi. Linaweza kuwa mimba kweli. Paka aliyekula panya mwenye sumu huonyesha dalili zake tofauti. Na kwa yule mwenye maji tumboni, kuna kipimo cha zamani ambacho naomba maafisa mifugo wanaonisikiliza wakikumbuke, kinaitwa kipimo cha Rivalta. Daktari anavuta maji kidogo ya tumboni kwa sindano. Anachukua maji safi kwenye chupa ndogo ya kioo, anadondosha tone la siki kali, anatikisa. Kisha anadondosha tone la maji ya paka juu yake, taratibu. Tone likiyeyuka na kupotea, ugonjwa huu hauelekei kuwapo. Tone likibaki limeshikana, likaning'inia juu au likazama polepole na umbo lake, kuna shaka kubwa ya FIP, ingawa magonjwa mengine machache nayo huleta jibu hilo. Siki na chupa! Hakihitaji umeme wala mashine. Kipimo hicho kinaweza kufanyika Kidabaga kama kinavyofanyika London.

La pili, na hili nalisisitiza sana. Usimpe paka dawa za watu. Kidonge kimoja cha panado kinaweza kumuua paka. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama letu. Nimesema Saiprasi walitumia dawa za watu kwa paka. Walitumia kwa vipimo vya daktari, na kwa dawa iliyochunguzwa. Panado kwa paka ni sumu. Narudia: panado kwa paka ni sumu.

La tatu, paka wasirundikane. Kirusi hiki kinapenda mahali penye paka wengi wanaojisaidia pamoja: sokoni, machinjioni, kwa mama lishe, nyumba yenye paka kumi wasiohasiwa. Paka wawili au watatu wanaochimba udongo na kufukia wako salama zaidi. Kuhasi dume ni kazi ndogo kwa mtaalamu, na huwapunguzia paka mapigano na magonjwa mengine. Mkiwa kwa afisa mifugo kwa ajili hiyo, mwombeni na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye hukipata, na hicho ndicho kinachompata mtu na kumuua.

Sasa naomba niseme na wakubwa wa halmashauri. Iringa tunayo maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari. Morogoro, njia hii hii ya lami, kuna Chuo Kikuu cha Sokoine na hospitali yake ya wanyama. Vijana wanaosomea udaktari wa mifugo pale wanahitaji wagonjwa wa kujifunzia na maswali ya kuyatafiti. Paka wa Kilolo aliyekufa na tumbo la maji ni swali. Likiandikwa kwenye daftari la kata, likafika maabara, tutaanza kujua ni wangapi, wapi, na mwezi gani. Daftari halina bei kubwa. Agizeni kwamba afisa mifugo akiletewa paka, ampokee, asimcheke aliyemleta.

Nawe msikilizaji, mama wa Ng'uruhe, kijana wa Mtitu, mzee wa Image: paka wako akiacha kula siku mbili, akakonda huku tumbo linajaa, usinunue panado, usimtuhumu jirani, na usimtupe. Mweke kwenye kapu lenye kitambaa, mpeleke kwa afisa mifugo wa kata yako, mweleze umri wake na siku alipoanza kuugua, na mwombe ayaandike. Akifa kabla hujafika, mpeleke hivyo hivyo, siku hiyo hiyo.